Mabawa ya Hamza

Hamza wa Ihumwa, fundi wa kuchomelea matela, alikuwa mtu mwembamba mwenye kinyongo kinene. Ukimkosea, alikilisha na kukinywesha kinyongo hicho kama mbuzi wa Idi.

Aliyemkosea ni Filipo Mazengo, mwenzake wa karakana. Kwa miaka mitatu waliunda ndege ndogo ya kiti kimoja: Filipo injini, Hamza mabawa, akayapima kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, maana yeye ndiye angeirusha. Walipokorofishana, Filipo akabadilisha kufuli na kuandika jina lake ubavuni mwa ndege. Watu wakimuuliza mabawa kaunda nani, alijibu, "Mimi, nani mwingine?" Neno hilo lilimchoma Hamza kuliko kufuli.

Kisha Filipo akakata ncha za mabawa ili ndege ipite getini kwake.

Hamza aliposikia, roho yake ilichekelea. Ukipunguza bawa, kila kipande kinachobaki kinaelemewa, na ndege hutaka mbio zaidi ili inyanyuke, na mbio zaidi ili isidondoke. Ongeza kitambi cha Filipo, na jua la mchana linaloifanya hewa ya Dodoma kuwa nyepesi: isingeachia ardhi kamwe. Ingekimbia hadi kwenye mizabibu ya watu, Ihumwa nzima ikicheka. Ndicho alichokitaka, na alikitaka sana.

Siku ya kuirusha ilipofika, Filipo akamwita Hamza mbele za watu waliojaa uwanjani. "We Mrangi, mbona kimya? Hata dua huniombei?"

"Ndege si yako? Nenda nayo, Mgogo."

Lakini upepo wa Dodoma haupigi hodi. Ukaipokea ndege kwa mbele, ikanyanyuka. Vigelegele vikapigwa, na Hamza akatamani kulia kwa hasira. Halafu Filipo akageuza ili atue, akapunguza mwendo kama walivyokubaliana zamani, kabla mabawa hayajakatwa. Hapo Hamza akajikuta anakimbia uwanjani, mikono juu. "Ongeza moto! Filipo, ongeza moto!"

Sauti haikufika. Ndege ikaanguka kama gunia la uwele.

Walimtoa akiwa hai, mguu umepinda vibaya. Mkewe, Yasinta, akapiga kelele, "Nani aliyeunda mabawa haya?"

Filipo akafumbua macho, akamtafuta Hamza katikati ya watu mpaka akampata.

"Hamza," akasema. "Yote ni yake."