Utaji wa Kitani na Eda ya Shangazi

Sikulala kwa sababu ya picha moja. Ilikuwa picha ya shangazi yangu, ameketi kando ya dirisha, kichwani amevaa utaji mweupe wa kitani nilioushona kwa mkono, na chini ya kidevu kitambaa cha marinda kikimshukia hadi kifuani. Mwanamke aliyeniagiza kazi ile, huko kwao Ulaya, alikuwa ameniandikia kwamba hajawahi kuona utaji wa aina hiyo ukimkaa mtu vizuri namna ile. Aliomba ruhusa aiweke picha kwenye ukurasa wa kikundi chao, mahali ambapo wanachama huchagua mtu wa kuwashonea. Nikikubali, huenda nikapata kazi ya mwaka mzima. Nikikataa, huenda wasijue kabisa kwamba nipo. Lakini shangazi alikuwa kwenye eda.

Nilifika kwake kwa sababu sikuwa na kazi. Nilisomea nguo na ushonaji chuoni, nikahitimu, nikarudi nyumbani Malindi na kuanza kutuma maombi ambayo hayakujibiwa. Mume wa shangazi alipofariki, familia ilikaa kuamua nani aende Mambrui akae naye. Kila mtu alikuwa na watoto, au duka, au mgonjwa. Mimi nilikuwa na shahada.

"Wewe nenda," mama akasema. "Kuwaza unakowaza hapa, kawaze huko."

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Shangazi hakutoka ila kwa dharura, hakujitia manukato wala wanja, dhahabu zake alizifunga kwenye leso, na mwanamume asiye maharimu yake hakumwona. Wanawake walikuja alasiri kumpa pole na kumpasha habari za mji. Nilipika chai, nikaosha vikombe, na wakati uliobaki nilishona.

Yule mwanamke wa Ulaya tulijuana Malindi alipokuja likizo, siku chache kabla sijaja Mambrui. Yeye na wenzake hushona na kuvaa mavazi ya wanawake wa kwao wa karne ya kumi na tano, wakifuata michoro ya wakati ule. Cherehani hairuhusiwi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, akatafuta mtu wa kumshonea, akaniachia kitani, uzi, pini za shaba na nakala za michoro. Alitaka vazi la mjane wa mjini, mwenye biashara yake. Kikundi chao, aliniambia, kilijaa mabinti wa kifalme, lakini mjane hakuwamo hata mmoja.

Nilikubali kwa sababu hapakuwa na mtu Mambrui ambaye angeweza kuniambia nimekosea. Baadaye jambo hilohilo likaanza kunitisha. Nikikosea, nani ataniambia?

Vazi la kichwani lilikuwa na tabaka zake. Kwanza kofia laini ya ndani, yenye kamba ndefu inayozungushwa kichwani ili ibane nywele. Juu yake utepe wa kitani kwenye paji la uso. Kisha kile kitambaa cha kidevuni chenye marinda madogomadogo, kinachopita chini ya taya na kubanwa kwa pini juu ya masikio. Mwisho utaji wenyewe, mpana, ambao uzito wake wote unashikwa na zile tabaka za chini. Kofia ya ndani ikilegea, kila kitu kinateleza. Upindo ulitakiwa uwe mwembamba kama uzi. Niliushona, nikaufumua, nikaushona tena, nikaona ule wa kwanza ulikuwa bora.

Marinda ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Shangazi, ambaye miaka yote alishona kofia za wanaume za kutobolewa, alikuwa na jibu moja kwa kila kitambaa cheupe.

"Tia wanga," akasema.

"Shangazi, sijui kama wao walitia wanga."

"Wao wamekufa. Tia wanga."

Akaupika mwenyewe, wa muhogo, mzito kama wa kofia. Kitambaa kilipokauka kilisimama chenyewe juu ya meza. Nilipojaribu kukipitisha chini ya kidevu kilinikwaruza shingo, na pini zilikataa kupenya. Shangazi alikigongagonga kwa ukucha.

"Hiki sasa ni kigae," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Tulikiloweka, nikayapanga marinda upya kwa vidole na maji matupu, nikayalaza chini ya kamusi yangu mpaka yakakaa.

Kilichobaki ni kichwa cha kukivika. Mwanzo nilijivika mimi. Ilikuwa Ijumaa, na mama alikuwa amekuja na sufuria ya wali. Aliponikuta mbele ya kioo karibu aiangushe.

"Nini hicho?"

"Vazi la kazi, mama. La zamani, la Ulaya."

"La nani?"

Ningeweza kusema la mwanamke yeyote. Lakini mimi nikiulizwa swali huona lazima nilijibu lote. "La mjane," nikasema.

"Vua! Msichana hujaolewa, wajivika ujane? Uchuro gani huu?"

"La Wazungu, mama."

"Kwani Wazungu hawafiwi? Vua, nimesema!"

Nikavua. Siamini uchuro. Lakini jioni nzima niliwaza kwamba mtu asiyeamini hawezi kuwa na uhakika, na kwamba nikija kuolewa, kila homa ya mume wangu itanikumbusha kile kioo. Nikaacha kujivika.

Ndipo shangazi akajitolea. "Nivike mimi. Mimi limeshanipata."

Nilimvika kwa kufuata mchoro, akainamisha kichwa nimpitishie kamba. Nilipofika kwenye utaji, yeye aliusogeza kidogo nyuma, kama anavyofanya na mtandio wake, na ukakaa. Nikapiga picha.

"Hiyo ya kuangalia kazi," akasema.

"Ya kuangalia kazi tu. Atakayeiona ni mwanamke."

Nilimpelekea yule mwanamke picha aangalie marinda. Jibu lake likaja na lile ombi.

Usiku ule nilipanga hoja kama mtu atakayesimama mbele ya kadhi. Picha haionyeshi nywele wala shingo; imemfunika kuliko anavyofunikwa na mtandio wake. Lakini uso unaonekana, na ukurasa ule unatazamwa na wanaume. Watazamaji ni wa mbali. Lakini picha haina mbali, na vijana wa Mambrui wana simu. Basi nimuulize mwenyewe. Hapo ndipo nilipokwama kabisa, kwa sababu nilijua angekubali. Angekubali kwa kunihurumia, kwa sababu aliniona nikitazama simu kila asubuhi kusubiri majibu ya kazi. Kumuuliza kulikuwa sawa na kumwomba, na kumwomba mtu aliye edani asiwe edani kwa ajili yangu hakukuwa jambo dogo. Kutomuuliza nako kulikuwa kumfanya mtoto.

Asubuhi nilikuwa nakunja kitambaa kile cha kidevuni, nakikunjua, nakikunja tena. Shangazi alinitazama akiwa na kikombe chake.

"Hicho kitambaa kimekukosea nini?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Usiku nilikusikia ukigeukageuka kama chapati. Sema."

Nikamwambia yote, pamoja na kazi ya mwaka mzima. Aliomba aione picha tena, akaikuza kwa vidole viwili, akautazama uso wake muda mrefu.

"Nimekonda," akasema. Kisha akaniuliza, "Nikikwambia iweke, utaiweka?"

Nilifungua kinywa kusema sijui, maana hilo ndilo jibu langu la kila siku. Nikashangaa kusikia kingine.

"Hapana. Siiweki."

"Hata nikikubali?"

"Hata ukikubali."

"Haya. Basi mie sina tena la kusema." Akanirudishia simu. Niliona mabega yake yakishuka, nikajua kwamba naye alikuwa akiogopa kuulizwa. "Na kazi yako?"

"Watapata mshonaji mwingine."

"Kwa nini? Wewe huna kichwa?"

"Mama alisema..."

"Mamako namjua. Siku ambayo mume wangu alifariki nilikuwa nimevaa dera la maua ya manjano. Mbona sijamsikia akiwakataza watu madera?" Akaweka kikombe chini. "Kitambaa ni kitambaa, mwanangu. Ukiogopa, usivae. Lakini usiseme ni mamako aliyekukataza."

Nilitaka kuwaza. Kulikuwa na mengi ya kuwaza: kwamba uso wangu si wa mjane, kwamba labda uzuri wa ile picha ulikuwa ni uso wa shangazi na si mshono wangu, kwamba wanachama wa Ulaya wangeshangaa kuona msichana wa pwani ndani ya vazi la bibi zao. Hayo yote huenda yalikuwa kweli. Lakini kwanza nikamwandikia yule mwanamke kwamba picha ile haina ruhusa, tafadhali aifute, na kwamba nitampa nyingine. Nikaifuta na kwangu.

Kisha nikafunga kamba ya kofia ya ndani, nikaibana mpaka paji likauma. Utepe. Kitambaa cha kidevuni, pini mbili kila upande. Utaji nikautia mwenyewe. Nikaketi dirishani, shangazi akashika simu. Picha ya kwanza alinikata kidevu, yaani marinda yote. Ya pili alipiga kidole chake.

"Tulia! Mjane gani anayetapatapa hivyo?"

Ya tatu ilitoka sawa. Macho yangu yalionyesha hofu kidogo, lakini marinda yalionekana moja moja. Nikaituma Ulaya. Halafu, utaji ungali kichwani na kabla sijapata nafasi ya kubadili nia, nikaituma Malindi, kwa mama.