Basilia wa Pande Mbili za Mlima

Ukimwuliza Basilia Huarachi alizaliwa nchi gani, atakuonyesha mlima kwa kidevu, kisha ataendelea kusokota sufu. Alizaliwa mashariki ya mlima huo, Janko Achachi, upande wa Bolivia, akaolewa magharibi yake, upande wa Chile, na siku ya harusi hakulia. Wenzake walilia kwa sababu mwanamke akiolewa huhamia kwa mlima wa mumewe, na kila akishika kikombe cha pombe humwagia mlima huo kwanza, kama sadaka. Basilia alihama upande tu. Babu, kama watu wote wanavyouita mlima ule, alibaki yuleyule, ila sasa Basilia alimwona kwa mgongoni.

Alivuka kwa miguu katika kipito chini ya kilele, akiswaga lama, wanyama wa sufu wa milima ile, aliopewa na mama yake. Desturi yasema lama wakitiwa alama kwa kukatwa masikio, vipande vya masikio yao vizikwe katika zizi watakamolala, mioyo yao itulie hapo. Mama mtu akaomba vipande vibaki kwake. Wazee wa upande wa mume wakakunja uso, lakini Dionisio, bwana harusi mwenyewe, akasema, "Viacheni hapa. Lama wakitoroka kurudi kwao, mke wangu atapata sababu ya kuja kumwona mama yake."

"Shemeji, wewe umeoa au umeazima?" Anselmo, mdogo wake Basilia, akamtania.

"Nimeazima. Ila sirudishi."

Na kweli, kila mvua zilipoanza, lama walishika njia ya kipito, naye Basilia akawafuata na viazi vikavu mgongoni, akakaa kwa mama yake hadi wachokane. Dionisio hakuwahi kumwuliza atarudi lini. Wanaume wa namna hiyo ni wachache, na mimi sioni haya kusema hivyo.

Kisha wakubwa wa nchi mbili wakagombana kwa mambo ambayo kule juu hakuna aliyeyajua. Askari wakaja, wakatega mabomu chini ya changarawe ya kipito, wakazungusha seng'enge, wakaenda zao. Watu waliambiwa wasipite. Lama hakuna aliyewaambia.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, kundi lilitoka watu wangali wamelala. Upepo ulikuwa umeilaza seng'enge. Dionisio akakimbia kuwarudisha, na Basilia alikuwa akikoroga uji wa kinoa aliposikia mlio mmoja. Lama walirudi wenyewe. Dionisio aliletwa ndani ya blanketi, na waliomleta wakamkataza mkewe kulifungua.

Tangu siku hiyo Basilia hakummwagia Babu hata tone. Katika sherehe, wenzake walipoita jina la mlima, yeye alifunika kikombe kwa kiganja. Mama yake alikufa upande wa pili, akazikwa bila yeye. Mvua ikichelewa, majirani walimtupia jicho. Walimshauri pia awauze wale lama, akakataa.

"Wamekosa nini?" alisema. "Walikuwa wanakwenda kwao."

Alikuwa ajuza mabomu yalipokwisha kuteguliwa. Vijiji viwili vikapatana kufungua njia kwa kummwagia Babu, na kumwaga kikombe cha kwanza ni haki ya mwanamke aliyevuka kwa ndoa. Wengine wote waliovuka hivyo walikuwa wamekufa. Akikataa yeye, sadaka yote imeharibika, na ulikuwa mwaka wa ukame. Lama walikuwa wameanza kuharibu mimba.

Anselmo alimpokea kwenye kipito akiwa na chupa ya pombe kali.

"Dada, umezeeka."

"Wewe umeoza."

Wakacheka kidogo, kisha wakashikana mikono, kicheko kikawaishia.

"Watu wanakuogopa," Anselmo akanong'ona. "Wanasema utamwaibisha Babu hadharani."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema lama wangu wanakufa, dada."

Akamjazia kikombe. Watu wakavua kofia. Basilia alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kilele mpaka wengine wakaanza kuangalia chini. Halafu akakipa kilele kisogo. Akatembea hadi penye shimo dogo lililozungushiwa mawe, mahali alipoanguka mumewe, akapiga magoti kwa shida, akamwaga kikombe chote.

"Kunywa, Dionisio. Njia imefunguliwa."

Mzee wa kijiji akafungua mdomo. Anselmo akamshika mkono asiseme.

Basilia akainuka, akarudi polepole, akamnyooshea mdogo wake kikombe kitupu.

"Jaza tena. Hiki ni cha Babu. Akichukia kupewa cha pili, na aniambie mwenyewe. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nangoja aseme neno."