Kitanda Kisichopita Mlangoni

Kaka yangu ni seremala, na ubishi anao. Kitanda cha mtoto alikiundia humo humo chumbani, ubavuni mwa kitanda chao, ili wifi akinyoosha mkono tu amfikie mwanawe. Nikamwambia, "Kaka, hiki hakipiti mlangoni." Akacheka. "Kipite kiende wapi? Huyu akikua, atalala mdogo wake."

Mtoto alipofia hospitali, nilimsihi kaka akitoe kabla wifi hajarudi. Akaupima mlango mara mbili, utadhani umepanuka, kisha akachukua msumeno.

Wifi akatukuta hata ubao mmoja haujakatwa. Akajilaza upande wake wa kitanda chao, akanyoosha mkono ndani ya kile kitanda kitupu.

"Weka msumeno chini," akamwambia mumewe. "Mkono unafika."