Ngwe ya Mzee Masanja

Asubuhi ile, kabla ya vita, nilikuwa nikipima ngwe katika shamba la pamba la kijiji chetu, Nyantakara. Nilikuwa mwalimu mpya kutoka chuoni, na kamati ya kijiji ilinikabidhi kamba ya kupimia kwa kuwa nilijua hesabu. Kila mtu mzima alipata ngwe moja ya kupalilia.

Mzee Masanja, aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga, alikuwa na mguu mmoja uliopooza tangu utotoni.

"Mwalimu, nipunguzie kidogo," alisema. "Haya matuta yananishinda."

Nilimjibu mbele ya watu: "Ujamaa haujengwi kwa visingizio, mzee."

Wengine walicheka. Alipalilia ngwe nzima, akianguka na kuinuka, akamaliza jua likizama. Niliandika jina lake daftarini nikijiona mwadilifu.

Vita vilipoanza nilijiandikisha kwa hiari.

Tulivuka mpaka. Tulitembea kwa mstari mmoja.

Nilikanyaga bomu lililofukiwa.

Hospitalini walinikata mguu wa kushoto chini ya goti. Baada ya miezi mingi nilirudi kijijini na mguu wa bandia. Watu walinipokea kwa ngoma, nami nikajifungia. Nilijizoeza kutembea ndani tu, kutoka kitandani hadi mlangoni, nisije nikaanguka mbele ya wale niliokuwa nikiwaita wavivu mikutanoni.

Aliyekuja kubisha hodi alikuwa Mzee Masanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unalima chumbani. Pamba imeota?"

Alinipeleka shambani.

"Kupanda tuta, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza huo wa mti. Na usiiname kama mwizi."

Nilianguka. Hakucheka, wala hakukimbilia kuniinua. Alisubiri, kisha akaninyooshea mpini wa jembe nishike. Siku ya tano nilivuka ngwe nzima bila gongo la kutembelea. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha yeye.

"Wewe," alisema. "Siku ile ya kamba."

Hakusema kwa hasira. Mimi niliyekuwa na maneno kwa kila mkutano nilitafuta neno la kumwomba radhi, nikalikosa. Yeye alikuwa amekwisha kurudi kwenye palizi yake. Alifariki kabla ya mavuno, nikiwa bado sijalisema.

Watu hunipa pole kwa mguu wangu, nami huipokea. Mguu ulichukuliwa na vita. Heshima ya Mzee Masanja siku ile niliichukua mimi, kijiji kikiwa na amani.