Mfuko Ulioyeyukia Kwenye Ekzosi ya Kaka

Walimwita Bomba kwa sababu maisha yake yote yalipita chini ya magari, akichomelea mabomba ya moshi. Watani wake walisema jina na mtu haviendani, maana kwake hakukuwa na kitu cha bomba hata kimoja: chumba cha kupanga, mgongo mbovu, kifua kilichojaa moshi wa magari ya watu. Naye alicheka pamoja nao. Afanye nini?

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mkewe alifariki akamwachia binti mchanga, na kaka yake mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, akaomba amlee. Bomba akakubali. Na angekataaje, wakati alikuwa akimlaza mtoto kwenye kiti cha gari bovu hapo gereji? Ila walipatana jambo moja: akikua, ataambiwa. Basi binti akakua akimwita kaka mtu Baba, na Bomba akawa Baba Mdogo. Kila mwaka kaka alikuwa na sababu yake. Mara bado mdogo, mara ana mtihani, mara anaumwa. Danadana tupu! Hadi binti akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, na kaka akaapa kwamba siku ya safari, kabla hajapanda ndege, atamwambia.

Siku yenyewe wakapitia gereji, tena si kwa mapenzi. Njiani walikanyaga mfuko wa plastiki, ukanasa kwenye ekzosi ukayeyuka, gari zima likanuka hata binti akashusha vioo vyote. Bomba akamwambia kaka aache injini ingurume kidogo, kisha azime. Akavaa glavu, akajilaza chini na kipande cha ubao mkononi. Plastiki hukwanguliwa bomba likiwa bado la moto, ingali laini. Bomba likipoa, utakesha unagongagonga. Angetaka kuwachelewesha, angesubiri tu lipoe. Alilifikiria hilo, jamani, nani asingelifikiria? Lakini ndege haimsubiri mtu, na safari ilikuwa ya mtoto. Akakwangua haraka haraka.

Kaka akaja kuchuchumaa kando ya gurudumu, akishika tai isiguse vumbi. Bomba akamuuliza kwa sauti ya chini, kutoka kule kule chini, atamwambia saa ngapi.

"Anajua," kaka akasema.

"Anajua nini?"

"Mimi na shemeji yako tulimwambia mwaka jana. Akasema tuache hivi hivi tulivyozoea."

Mwaka jana! Mwaka mzima binti amekuja hapo gereji, amekaa kwenye lile benchi, wamekula pamoja, na Baba Mdogo inamtoka mdomoni bila kigugumizi. Mkono wa Bomba ukavuta kitambaa kilichokuwa karibu ili afute mabaki, kumbe cha nailoni. Yeye, aliyewatimua wasaidizi kwa kosa hilo hilo! Nailoni ikayeyukia pale pale, moshi ukafuka upya.

Binti akachungulia dirishani, akacheka kicheko cha mtu asiye na kinyongo. "Baba Mdogo, si ndiyo umeongeza?"

Akaanza upya. Alimchukia kaka yake, akajichukia mwenyewe zaidi, na machozi yakamtoka. Bahati nzuri moshi ulikuwepo wa kusingiziwa. Alimalizia kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka bomba likang'aa, akatoka chini ya gari akijifuta kwenye ovaroli.

Binti akashuka kuaga. Kukumbatiana hakukuwezekana, na lile gauni lake jeupe. Akamshika kiwiko, mahali palipokuwa safi kidogo. Akamtazama usoni kwa muda, muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, hata Bomba akadhani labda sasa.

"Haya, Baba Mdogo, mimi nakwenda. Uniombee."

"Nenda salama, mwanangu."

Aliutia moyo wake wote ndani ya neno lile. Lakini mwanangu ni neno ambalo hata muuza maji wa kituoni humwambia mtoto yeyote anayepita, na binti aliliitikia kama wanavyoliitikia watoto wote: akasema ahsante, akapanda gari.