Matroni Aliyehamia Bwenini

Pale shuleni kila mtu alimwita Mama Tandika, hata masista, hata padri. Jina lenyewe lilitokana na sauti yake. Alfajiri, kabla kengele ya misa haijalia, alipita kati ya vitanda vya wasichana akipaza sauti, "Tandika! Tandika, binti, Mungu si wa fujo!" Shuka lililokunjamana alilivuta lote likaanguka chini, na mwenye kitanda akaanza upya. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mwendo wa haraka, na viatu vyake vya raba havikutoa mlio wowote. Ndiyo maana wasichana waliokuwa na simu za kuficha walimwogopa matroni kuliko walivyomwogopa mwalimu mkuu.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Hasira zake zilikuwa karibu. Akikasirika alisema yote aliyonayo moyoni, na ya nyongeza. Halafu akishakunywa chai amesahau, anakushangaa wewe kwa nini bado umenuna. Vipenzi wake alikuwa nao, na wote tuliwajua. Mimi nilifundisha historia katika shule ile, na tuligombana mara nyingi, hasa juu ya wanafunzi aliowalaza chumba cha wagonjwa siku za majaribio yangu. Msichana akisema tu kwamba kichwa kinamgonga, Mama Tandika alishamwekea mto. Lakini mtu akiniuliza ni nani aliyenionyesha imani ni kitu gani, simtaji askofu. Namtaja yeye, kwa sababu ya muhula ule ambao wasichana walianza kuanguka.

Ilianzia bwaloni, mchana, mitihani ikiwa imekaribia. Kiranja wa bweni la pili, msichana wa kidato cha nne ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alisimama na sahani mkononi kama anayetaka kuongeza chakula. Badala yake akapiga ukelele na kuanguka. Sahani ya bati ikabingirika mpaka chini ya meza yetu walimu. Kabla hatujamfikia, wa pili akaanguka, na kwenye meza ya dirishani wa tatu akaanza kutetemeka huku ameshika shingo kama anayekabwa. Bwalo zima likawa vilio na viti vinavyopinduka. Kesho yake wakaanguka wengine kanisani, na keshokutwa wengine darasani kwangu, katikati ya somo.

Daktari wa hospitali ya jirani aliitwa. Aliwapima wote kwa utulivu, akatuambia miili yao haina ugonjwa. Ni hofu na uchovu, alisema, na hofu huambukiza kama mafua. Wapumzike, wale vizuri, na mmoja akianguka wenzake wasimzunguke. Sisi walimu tulitikisa vichwa kukubali. Bwenini, hata hivyo, maneno yalikuwa mengine.

Katika bweni la pili kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyehamia katikati ya muhula. Mama yake alikuwa amefariki karibuni, akaletwa na shangazi yake. Hakusema mpaka aulizwe, na akiulizwa alijibu kwa neno moja. Wenzake wakampa jina la Kimya. Kiranja alipozinduka siku ile ya kwanza, alisema kwamba aliota Kimya amesimama juu ya kitanda chake akimtazama. Basi, ikawa hiyo hiyo. Kila aliyeanguka baada ya hapo naye alikuwa amemwona Kimya: huyu ndotoni, yule dirishani, mwingine kwenye kioo cha bafuni. Asubuhi moja tukakuta vitanda vyote vya bweni la pili vimesogezwa upande mmoja, na kitanda cha Kimya kimeachwa peke yake upande wa pili, kimetandikwa vizuri, yeye amekaa juu yake na kitabu cha hesabu mapajani.

Mchana wa siku hiyo walimzingira kwenye karo la kufulia. Alikuwa anasuuza soksi. Mmoja alimmwagia ndoo ya maji ya sabuni, mwingine akamwambia aseme alikozika vitu vyake vya uchawi. Wakaanza kusukumana kumfikia. Mama Tandika alitokea nyuma yao bila kusikika, kama kawaida yake, akapenya katikati na kusimama mbele ya mtoto.

"Anayetaka kumpiga aanze na mimi," alisema. "Nyama ninazo nyingi, mtachoka wenyewe."

Wawili watatu walicheka, kicheko cha kushtukiza, na ile hasira ikapungua nguvu. Alimshika Kimya mkono, soksi zikiwa bado zinachuruzika, wakapita katikati ya kundi bila haraka.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alimwita mlinzi wa getini, wakatoa kitanda chake kutoka chumba cha matroni alikolala siku za zamu, kitanda cha chuma chenye godoro lililobonyea katikati, wakakiburuta koridoni kikipiga kelele za kuumiza masikio mpaka bweni la pili. Akakiweka kando ya kitanda cha Kimya. Akaleta taa yake, picha yake ya Bikira Maria, na dawa zake za presha. Wasichana walipigwa na butwaa.

"Mnanitazama nini?" akawauliza. "Nimehama. Na anayekoroma humu ndani ni mimi, msije mkasema ni pepo."

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa na nyumba yao nyuma ya uzio wa shule. Habari zilipomfikia alikuja getini na mikono yake yenye grisi. Nilikuwa napita nikawasikia.

"Mama watoto, rudi nyumbani," alimwambia. "Tuseme pepo hayupo. Presha yako je, nayo haipo?"

"Presha ninayo popote nilipo, baba watoto. Hata jikoni kwako ninayo, hasa jikoni kwako."

"Na watu wakisema umerogwa?"

"Waambie nimenenepa tu."

Mzee alitikisa kichwa, akamkabidhi kanga na ndala zake alizokuwa amezifunga kwenye mfuko. Alikuwa amekuja nazo tayari. Alimfahamu mke wake.

Siku hizo Sista Mkuu, ndiye mwalimu mkuu wetu, hakuwa na raha. Alikuwa mtu mwema, mwenye busara, na simu za wazazi hazikukoma tangu asubuhi mpaka jioni. Alituita ofisini, wachache wetu, akasema anafikiria kumrudisha Kimya kwa shangazi yake mpaka hali itulie. Kwa usalama wake mwenyewe, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeomba sana kabla ya kusema. Tuliokuwepo tuliona ni sawa. Mama Tandika alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Sista, ukimtoa leo, umewaambia wote kwamba ni yeye."

"Nina shule nzima ya kulinda, Mama."

"Na yeye si wa shule?"

Sista Mkuu alivua miwani, akaifuta. Mwishowe akasema wazazi wanakuja Jumamosi, tuwasikilize kwanza.

Walikuja wengi kuliko siku za mahafali. Mzazi mmoja alikuja na mhubiri mwenye spika begani, tayari kukemea, lakini mlinzi wetu alikataa katakata kumfungulia, kwa hiyo alikemea akiwa nje ya geti mpaka betri ikaisha. Ukumbini viti vilijaa. Shangazi yake Kimya, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo zake za kanisani, alikaa pembeni, na viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama ukutani. Mama Tandika aliingia, akaangaza macho, akaenda moja kwa moja kukaa kando yake. Akamsalimia kwa mikono miwili, kwa sauti ya kusikika, akamuuliza habari za safari.

Aliyesimama kusema kwa niaba ya wazazi alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa wa mwili na wa maneno, ambaye alikuwa amesaidia shule kwa mambo mengi.

"Sisi hatuna ugomvi na mtoto wa mtu," alisema. "Lakini watoto wetu wanaumia. Ama atoke yeye, ama tutoke sisi na watoto wetu. Hatuombi zaidi ya hapo."

Makofi yakapigwa. Shangazi aliinamisha kichwa. Hapo Mama Tandika akanyanyuka. Hakwenda mbele, alisema palepale aliposimama, mkono mmoja ukiwa begani kwa yule shangazi.

"Wazazi wangu, mimi si msomi wa mapepo. Daktari amesema lake, padri atasema lake. Mimi nasema la kitandani. Huyo mtoto analala pale, mimi nalala hapa, nikinyoosha mkono namgusa. Kama ni mchawi, basi ni mchawi mvivu, maana kumwamsha asubuhi ni vita. Anachofanya usiku ni kumwita mama yake. Anamwita akiwa usingizini, halafu asubuhi anaona haya kunitazama. Nyinyi mnaniambia nimtoe mtoto anayemlilia mama yake, aende wapi? Kila siku tunawafundisha watoto hawa kwamba sote ni mwili mmoja. Sasa leo mguu unauma, tuukate tuutupe nje ya geti?"

Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mama yake kiranja, ambaye binti yake alikuwa wa kwanza kuanguka na ambaye sote tulidhani ndiye mwenye haki ya kukasirika kuliko wote, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Wangu atabaki." Akaketi.

Sista Mkuu alisimama. "Msichana hatoki," alisema. "Mzazi anayetaka kumchukua mwanawe, ofisi iko wazi, na mlango wa kumrudisha utakuwa wazi pia."

Wengine waliwachukua wanao. Mfanyabiashara alimchukua binti yake saa ileile, masanduku yakapakiwa garini, na binti alilia mpaka wakatoweka barabarani. Baadhi ya madawati yalibaki matupu, na jioni ile shule ilikuwa na ukimya usio wa kawaida.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katika misa Mama Tandika alikaa na Kimya benchi moja, benchi lililobaki lao wawili tu. Padri hakuhubiri juu ya mapepo. Alihubiri kwa maneno machache juu ya msiba, jinsi mfiwa anavyohitaji watu wa kukaa naye tu, bila hata kusema. Ulipofika wakati wa kupeana amani, wasichana walipeana mikono mbele na nyuma, na wote wakaliruka lile benchi. Nilikuwa naangalia. Mama Tandika alimpa Kimya mkono, kisha akabaki ameukamata, macho mbele, kama mtu anayengoja basi ambalo anajua litakuja.

Kiranja alitoka kwenye safu yake. Alikuwa amepauka, na aliposimama mbele ya benchi nilidhani ataanguka tena. Akanyoosha mkono.

"Amani," alisema.

"Amani," Kimya akajibu. Halafu akaongeza, "Pole kwa kuumwa. Mimi sikukutokea, dada. Silijui hata jambo lenyewe."

"Najua," kiranja alisema. Sidhani kama alikuwa anajua kweli. Nadhani aliamua kujua pale pale, na mpaka leo namheshimu kwa uamuzi huo. Nyuma yake wakaja wengine wawili, kisha kundi, na padri akalazimika kungoja kabla ya kuendelea.

Si kwamba mambo yaliisha hapo kama taa inavyozimwa. Wiki iliyofuata walioanguka walikuwepo, ila wenzao walijifunza kutowazunguka, na Mama Tandika aliwalaza, akawapa chai ya sukari na kuwauliza ni somo gani linawasumbua. Mara nyingi lilikuwepo. Mitihani ilipokwisha, kuanguka nako kukaisha. Vitanda vya bweni la pili vilirudi mahali pake kimoja kimoja, bila tangazo. Cha matroni ndicho kilichokawia, kwa sababu wasichana walimwomba abaki mpaka kufunga shule, na walijuta, maana alikoroma kweli.

Binti wa mfanyabiashara alirudi muhula uliofuata. Baba yake alimleta mwenyewe, akashusha sanduku, akamsalimia Mama Tandika akiwa amevua kofia. Hawakuzungumza mengine. Kimya alimaliza masomo kwa alama za kawaida. Leo ni fundi wa friji, ana karakana yake na vijana anaowafundisha kazi, na naambiwa akianza kusimulia jambo wateja husahau kilichowaleta.

Mwaka jana nilimtembelea Mama Tandika. Amestaafu, magoti yanamsumbua, na mzee wake bado anarekebisha baiskeli barazani. Tulikaa tukikumbushana watu. Nikamuuliza swali nililokaa nalo miaka yote: alipata wapi ujasiri wa kulala kando ya yule mtoto, wakati sisi wenye vyeti ukutani tulikuwa tunafunga milango yetu mara mbili?

Alinitazama kama nimesema upuuzi.

"Ujasiri gani, mwalimu? Niliogopa mpaka basi. Rozari niliifunga mkononi, maji ya baraka niliyaweka chini ya mto, yakamwagika, nikalala godoro bichi. Usiku ule wa kwanza akigeuka upande mimi nashtuka, nikishtuka naye anashtuka. Tulikuwa wawili wenye hofu."

"Na bado ukabaki."

"Sasa ningemwachia nani?" alisema. Akainuka kwa shida, akishika mkono wa kiti, na kumwita mumewe anawe mikono aje tule.