Maabara Niliyoikosa kwa Kunyoosha Mkono

Siku yangu ya kwanza kiwandani Iringa, Meneja Nyagawa alinipeleka mapokezi ya maziwa, akanisimamisha nyuma ya mpimaji, akanisalimu kwa kilugha cha huko. "Kamwene, binti. Hapa hatuulizi. Tunaangalia, tunashika." Mimi nilikuwa na kidato cha nne nilichofeli, nikaona ni sawa tu. Hata shuleni tulisoma hivyo: mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, mtihani unataka yale yale.

Nikashika. Laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kuzama zaidi yakiwa na maji, niliisoma vizuri. Kipimo cha spiriti vilevile: unachanganya spiriti na maziwa, yakiganda unayakataa. Baadaye nikahamishiwa kituo cha kukusanyia maziwa Chimala, ambako wafugaji wa Usangu walileta keni zao kwa pikipiki. Mkuu wa maabara ya kiwanda alikuwa karibu kustaafu, na Nyagawa mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba kiti kile ni changu, ila kwanza niende Uholanzi, kwenye kozi fupi ya chuo kikuu iliyolipiwa na mradi.

Huko nilipotea. Mhadhiri wetu, mwanamke mrefu, alitaka tumwite Anneke, jina tupu, kama unavyomwita mtoto. Mdomo ulikataa, nikawa namwita Madam. Wala hakutuandikisha kitu. Aliingia, akauliza swali, akakaa juu ya meza, anatungoja sisi. Kazi yangu ya kwanza niliandika maneno yake yote kama alivyoyasema, akanipa alama ya chini kabisa.

"Haya ni yangu," aliniambia. "Wewe unaonaje?"

"Mimi ni mwanafunzi, Madam. Nitaonaje?"

Grace, Mganda tuliyekaa naye chumba kimoja, alinicheka. "Dada, bishana naye. Huku ndiyo adabu yenyewe."

Siku moja Anneke alileta maziwa yaliyoganda kwenye spiriti, akauliza sababu. Nikanyoosha mkono. Nikasema maziwa ya jioni yamechanganywa na ya asubuhi, nikaeleza kwa nini, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana, ni ya ng'ombe aliyezaa juzi. Yaani dang'a, kitu nilichokula tangu utoto. Nilikosea mbele ya watu, na bado akanisifu kwa nilivyofikiri. Jioni Grace alinitania hadi machozi yakanitoka kwa kucheka. Mpaka leo manyunyu yakianza hapa Mbeya, nalikumbuka lile darasa la Uholanzi na mvua kwenye madirisha yake makubwa, na moyo unanisinyaa.

Nikarudi. Kwenye mkutano wa kwanza Nyagawa alitangaza kwamba maziwa yatakayofika Chimala baada ya saa mbili asubuhi yasipokelewe. Halafu akavua miwani, akasema kama alivyosema siku zote: "Kuna swali?" Watu wakaanza kusogeza viti waondoke. Mimi nikanyoosha mkono.

"Meneja, mimi naona tofauti. Saa haipimi maziwa. Tupime kila keni."

"Nani kakuuliza?"

"Umeuliza wewe, Meneja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Msigala, msaidizi wa Nyagawa, aliyekula ugali kwangu mara nyingi, akadakia: "Miezi mitatu Ulaya, karudi na domo." Wiki hiyohiyo kiti cha maabara akapewa Msigala, mimi nikapelekwa kuosha keni. Huenda hata hapo nilikosea, sijui. Hakuna aliyepima.

Nyagawa na Msigala nimewataja kwa majina kwa sababu wote wawili wanajua walichonifanyia. Niliosha keni mpaka kiwanda kilipopunguza watu, nikaondoka na mikono iliyochubuliwa na dawa. Sasa nauza mtindi sokoni Mwanjelwa, na vijana wanaofungasha kwenda kusoma nje hunipitia kuaga. Wenzangu wa vibanda vya jirani huwaambia wakirudi wafunge mdomo, waangalie yaliyonipata mimi.

Mimi siwaambii hivyo. Baada ya mkutano ule sikufungua tena mdomo, miaka yote ile, ni "ndiyo, Meneja" mpaka shingo ikazoea kuinama yenyewe. Na bado maabara hawakunirudishia.